Kutazama mawimbi ya Verilog: terminali, GTKWave au Surfer?

Ukishaandika moduli ya Verilog, lugha ya kueleza saketi za kidijitali, pamoja na testibenchi yake (msimbo unaoijaribu), ukaiendesha kwa simuleta ya Icarus na ikamaliza bila kulalamika, bado hujajua chochote. Lazima uangalie ishara zilivyopanda na kushuka. Hapo ndipo wanafunzi ninaowaongoza hapa Kisumu, na wengine wanaopiga simu kutoka Maseno na Kakamega, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nitumie GTKWave kama watu wote, ama hizi za terminali?"

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aende zake. Ukiwa na swali mahususi, kwa mfano "baiti iliyopokelewa saa ishara ya `tayari` ilipopanda ilikuwa ngapi?", terminali itakujibu kabla dirisha la GTKWave halijamaliza kufunguka. Ukiwa huna swali, unahisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, fungua picha, yaani kitazamaji chenye dirisha kama GTKWave au Surfer. Kutafuta kosa usilolijua kwa terminali ni kama kumtafuta mtu soko la Kibuye siku ya Jumapili bila kujua amevaa nini.

Jambo la pili ni mahali faili ilipo. Wengi wetu tunatumia laptopu za mitumba zenye RAM ya GB 4, bando la siku, na stima inayoweza kupotea saa mbili usiku mvua ikianza kunyesha. Ukiendesha simulesheni kwenye laptopu yako, vitazamaji vyote viko sawa. Ukiiendesha kwenye seva ya mbali kupitia SSH, mambo yanabadilika kabisa, na nitayarudia hayo.

Vitazamaji vyote husoma faili ya aina moja

Kabla ya kulinganisha, fungua faili ya VCD, ile ambayo simulesheni huandikia mabadiliko ya ishara, kwa `less` na uisome. Watu wengi hawajawahi, na ndiyo maana vitazamaji vya terminali huwaonekania kama uchawi. VCD iliwekwa kwenye kiwango cha Verilog, IEEE 1364, mwaka 1995, na ni maandishi matupu:

```
$timescale 1ns $end
$scope module tb $end
$var wire 1 ! clk $end
$var wire 1 % tayari $end
$var reg 13 & hesabu [12:0] $end
$upscope $end
$enddefinitions $end
#0
0!
0%
b0 &
#10
1!
b1 &
#20
0!
```

Juu ni orodha ya ishara, na kila moja imepewa alama fupi: `clk` ni `!`, `tayari` ni `%`, `hesabu` ni `&`. Chini ni wakati, unaoanza na `#`, halafu yale tu yaliyobadilika wakati huo. Ishara isiyobadilika haiandikwi. Biti moja huandikwa thamani ikifuatwa na alama bila nafasi katikati. Biti nyingi huanza na `b`, kisha nafasi, kisha alama. Mbali na 0 na 1 kuna `x`, yaani haijulikani, na `z`, yaani hakuna anayeiendesha waya.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba `grep` yenyewe ni kitazamaji cha kwanza. Amri hii huonyesha kila mahali palipoingia `x`:

```
grep -nE '^(x|b[01z]*x)' uart.vcd
```

Mistari ya mwanzoni, kabla ya riseti, isikutie hofu. Karibu kila rejista huanza ikiwa `x`. Inayotokea baada ya riseti kuachiliwa ndiyo ya kufuatilia. Ila kama umetumia Verilator badala ya Icarus, usitegemee kuona `x` nyingi, kwa sababu Verilator kwa kawaida hufanya kazi kwa thamani mbili tu, 0 na 1. Simulesheni safi ya Verilator si ushahidi kwamba riseti yako imefika kila mahali.

Mfano tutakaoutumia

Chukua kipokezi cha UART, njia ya kutuma data biti moja baada ya nyingine: kloku ya MHz 50, kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ni zoezi ambalo karibu kila mwanafunzi wa elektroniki hulipitia, na lina tabia moja inayotenganisha vitazamaji vizuri sana, nayo ni kwamba mambo yake yanatokea kwa kasi mbili zinazopishana mno. Kloku inazunguka kila ns 20. Biti moja ya data inakaa mizunguko 5,208, yaani karibu µs 104. Baiti nzima, pamoja na biti ya kuanzia na ya kumalizia, ni zaidi kidogo ya ms 1.

Sasa fikiria kitazamaji cha terminali chenye upana wa herufi 120, kila herufi ikisimamia mzunguko mmoja wa kloku. Skrini nzima ni µs 2.4. Biti moja inahitaji skrini 43, baiti moja zaidi ya 430. Ukikaza macho kwenye kloku hutaona data kamwe, na ukirudi nyuma kuona data, kloku inageuka ukuta mmoja usio na maana. GTKWave ina tatizo hilo hilo kimsingi, lakini pikseli 1,366 si herufi 120, na kipanya kinakuvuta karibu na kukurudisha mbali kwa mzunguko wa kidole.

Kuchapisha kwa `$display`: rahisi, na ina mtego

Wengi huanzia hapa na sioni aibu yoyote. Huhitaji kusakinisha kitu, na matokeo yanaweza kuhifadhiwa na kulinganishwa kwa `diff` na ya jana. Kwa majaribio ya kurudiwarudiwa, ambapo unataka tu kujua kama baiti 20 zilizotumwa ndizo 20 zilizopokelewa, sijaona kinachoshinda mistari 20 ya maandishi na neno SAWA mwishoni.

Mtego uko hapa:

```
always @(posedge clk) begin
  hesabu <= hesabu + 1;
  $display("%0t %0d", $time, hesabu);
end
```

`$display` huchapisha pale pale inapofikiwa, na `<=` haibadilishi thamani mpaka hatua ile ya wakati ikaribie kuisha. Kwa hiyo utaona thamani ya zamani. Faili ya VCD, kwa wakati ule ule, itaonyesha thamani mpya. Mwanafunzi anaweka maandishi upande huu na wimbi upande ule, anakuta yanapishana kwa mzunguko mmoja, anaanza kubomoa moduli iliyokuwa nzima. Badilisha iwe `$strobe`, ambayo husubiri hatua ya wakati itulie, na viwili vitakubaliana. Kuhusu `$monitor`, kumbuka moja tu ndiyo huwa hai kwa wakati. Ukiita ya pili, ya kwanza inanyamaza bila kukuaga.

Vitazamaji vya terminali: vcdcat na dwfv

Hivi viwili vinafanya kazi tofauti ingawa watu huvitaja pamoja.

`vcdcat` huja na maktaba ya Python iitwayo vcdvcd. Kuisakinisha ni `pip install vcdvcd`, na ni ndogo. Hata bando la shilingi chache linatosha. Haichori chochote. Inakupa jedwali: wakati upande wa kushoto, ishara ulizotaja kwenye safu zake. `vcdcat -l uart.vcd` huorodhesha majina yote, na `-d` huchapisha mabadiliko tu badala ya kurudia kila thamani. Kosa ninaloliona sana ni kuacha `clk` na `hesabu` ndani ya orodha. Kloku inabadilika kila ns 10, basi unamwagiwa mistari mpaka terminali inachoka. Taja ishara tatu nne zenye maana, kama `hali`, `tayari` na `baiti`, na simulesheni nzima ya ms 20 inabaki mistari michache unayoweza kuisoma.

Uzuri mkubwa zaidi wa vcdvcd, kwangu, ni kwamba inakuruhusu kuliandika swali lako:

```
from vcdvcd import VCDVCD
v = VCDVCD('uart.vcd')
baiti = v['tb.uut.baiti[7:0]']
for t, thamani in v['tb.uut.tayari'].tv:
    if thamani == '1':
        print(t, baiti[t])
```

Kila `tayari` inapopanda, unapata wakati na baiti iliyokuwepo. Mistari sita. Kufanya hivyo kwa macho kwenye GTKWave, kwa baiti 20, ni kusogeza alama mara 20 na kuandika kwenye karatasi. Gharama yake ni kumbukumbu: skripti ya namna hii hupakia mabadiliko yote kama vitu vya Python, na faili kubwa inaweza kula RAM mara kadhaa ya ukubwa wake. Kwenye mashine ya GB 4 iliyofungua pia kivinjari, utasikia feni.

`dwfv` yenyewe huchora mawimbi ndani ya terminali, na vidole vilivyozoea kihariri cha `vi` vitajisikia nyumbani: h, j, k, l. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, na njia ya kawaida ya kuipata ni `cargo install dwfv`. Hapo ndipo penye uchungu kwa mtu wa bando. Kama huna Rust tayari, kuipakua pamoja na vinavyoifuata ni mzigo mzito zaidi ya kitazamaji chenyewe, na kuikompaili kwenye laptopu ya zamani unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Nenda nayo mahali penye Wi-Fi, uifanye mara moja.

Ikishakaa, ina maswali mawili ninayoyapenda. `dwfv uart.vcd --at 104160` hukupa thamani za ishara zote kwa wakati huo. Na `--when` hukutafutia nyakati sharti fulani lilipotimia, kwa mfano:

```
dwfv uart.vcd --when '$% = 1'
```

Ile `%` ndiyo alama ya `tayari` kwenye kichwa cha faili tuliyosoma juu. Ndiyo, unaitaja ishara kwa alama yake ya VCD, si kwa jina lake. Ni usumbufu, sitakuficha, hasa kwa kuwa alama hizo zinaweza kubadilika ukiongeza ishara nyingine na kuendesha upya. Weka nukuu moja, la sivyo ganda la Linux (shell) linaweza kuila `$` kabla haijafika.

Kuchora kwake ni kwa heshima ya mahali ilipo: mistari ya herufi, thamani za vekta zimeandikwa ndani zikitosha. Kwa kaunta, mashine ya hali (state machine) yenye hatua nne, au FIFO (foleni) ndogo, inatosha kabisa. Kwa UART yetu ya 9600 inakusumbua kwa sababu niliyoieleza, mpaka uache kutazama kloku.

GTKWave

Huyu ndiye mzee wa kazi. Kwenye Ubuntu au Debian ni `sudo apt install gtkwave`, na inafungua VCD, FST (fomati iliyobanwa nitakayoifikia), hata GHW ya GHDL kwa wanaotumia VHDL. Sura yake ni ya miaka mingi iliyopita na kuna menyu ambazo hutazigusa maishani. Bado, kuna mambo matatu ambayo terminali haijayafikia.

La kwanza ni tafsiri ya thamani. Mashine yako ya hali ina `hali` ya biti 2. Kwenye faili ni 00, 01, 10, 11. GTKWave hukubali faili ndogo ya maandishi inayosema 00 ni PUMZIKA, 01 ni ANZA, 10 ni DATA, 11 ni MWISHO, na kuanzia hapo wimbi linasomeka kwa majina. Kwa mtu anayejifunza, hii peke yake inatosha kuichagua.

La pili ni faili ya `.gtkw`, inayohifadhi ishara ulizochagua, mpangilio, rangi na mahali ulipovuta. Unaendesha simulesheni upya, unabonyeza Ctrl+Shift+R, na kila kitu kinakaa palepale kikiwa na data mpya. Nimeona watu wakiifunga GTKWave na kuifungua tena baada ya kila badiliko, wakiburuta ishara zile zile upya. Hayo ni mateso ya kujitakia.

La tatu ni umbo lenyewe, na hapa nirudi kwenye UART ili uone kwa karibu. Kipokezi kinatakiwa kusubiri nusu ya biti, mizunguko 2,604, baada ya `rx`, waya inayoleta data, kushuka, kisha mizunguko 5,208 kwa kila biti, ili kila sampuli ianguke katikati ya biti. Kuna kosa linalojirudia kila muhula: mtu anasahau ile nusu na kusubiri 5,208 tangu mwanzo. Anatuma herufi K, ambayo ni 4B kwa heksadesimali. Sampuli inaanguka kidogo kabla ya mpaka wa biti, hivyo kila mara inasoma biti iliyotangulia, na anapokea 96.

Maandishi ya `$display` yatakwambia: tulitarajia 4B, tumepata 96. Mwenye jicho kali atagundua kwamba 96 ni 4B iliyosogezwa nafasi moja kushoto na atakisia. Wengine watabaki wakikodoa macho. Kwenye GTKWave, weka `rx` juu na ishara ya sampuli chini yake, vuta mpaka baiti nzima ionekane, na ukweli unakutazama usoni: kila mshale wa sampuli umekaa kwenye kona ya biti badala ya katikati. Mtoto wa kidato cha pili angekuonyesha kwa kidole.

Terminali nayo inaweza, kwa njia ya hesabu. Chapisha nyakati za mabadiliko ya `rx` na nyakati za sampuli, utoe. Zinapaswa kuachana kwa karibu µs 52. Hapa zinaachana kwa nanosekunde zisizofika hata mia. Jibu ni lile lile, na kwa mtu anayeandika jaribio la kudumu ni bora zaidi, kwa sababu kutoa huko kunaweza kuwekwa kwenye skripti na kosa lisirudi tena. Lakini angalia kilichohitajika: ulilazimika kushuku wakati wa sampuli kwanza. Picha haikuhitaji ushuku chochote.

Surfer

Surfer ni kijana wa kundi hili, kimeandikwa kwa Rust pia, na kinasoma VCD, FST na GHW. Kinapendeza macho, na ukibonyeza nafasi kwenye kibodi unapata sehemu ya kuandika amri, kwa hiyo mpenzi wa terminali hajisikii ametupwa. Kinafanya kazi hata ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, na faili yako husomwa hapo hapo kwenye mashine yako. Kwa aliyeko saiba au kwenye maabara ambako haruhusiwi kusakinisha, hilo ni jambo kubwa.

Wasiwasi wangu ni mashine za zamani. Kinategemea kadi ya michoro kuchora, na laptopu ya zamani inaweza kusuasua pale ambapo GTKWave inateleza tu. Kijaribu kwa faili ndogo kabla hujaamua.

Ukubwa wa faili

Watu huchagua kitazamaji kabla ya kujiuliza faili itakuwa kubwa kiasi gani, halafu wanakilaumu kitazamaji. Tufanye hesabu ya UART, baiti 20, timescale ya 1ns/1ns. Ni karibu ms 20.8. Kloku inageuka zaidi ya mara milioni 2, na kila kugeuka ni mstari wa wakati na mstari wa thamani, karibu baiti 13. Hiyo ni MB 27 za kloku tupu. Ongeza `hesabu` ya biti 13 inayobadilika kila mzunguko, MB 16 hivi. Umeshapita MB 40 na data yenyewe uliyoitaka ni KB chache tu. Ukiandika 1ns/1ps wakati huhitaji pikosekunde, kila mstari wa wakati unaongezewa tarakimu tatu bure.

Dawa iko kwenye testibenchi:

```
$dumpfile("uart.vcd");
$dumpvars(0, tb.rx, tb.uut.hali, tb.uut.sampuli,
             tb.uut.baiti, tb.uut.tayari);
```

Bila kloku na bila kaunta, faili inashuka hadi KB chache, na ghafla dwfv inakuwa kitazamaji kizuri cha UART, kwa kuwa kila kilichobaki kinaenda kwa mwendo wa biti. Unaweza pia kutumia `$dumpoff` na `$dumpon` kurekodi kipande tu.

Njia nyingine ni FST, fomati iliyobanwa iliyotoka kwa mradi wa GTKWave. Kwa Icarus unaendesha `vvp uart.vvp -fst`. Faili inakuwa ndogo mara nyingi, na GTKWave haipakii yote, huchukua ishara unazotazama tu, hivyo faili iliyokuwa inagandisha mashine inafunguka papo hapo. Lakini vcdcat na dwfv zinataka VCD. Utalazimika kupitia `fst2vcd`, na hapo ule mzigo unarudi. Halafu kuna hiki kichekesho: ukiacha `$dumpfile("uart.vcd")` kama ilivyo na kuongeza `-fst`, jina halibadiliki. Unabaki na faili inayoitwa .vcd ambayo ndani yake ni FST, na vcdcat inakutapikia makosa yasiyoeleweka. `head -c 100 uart.vcd` ikionyesha takataka badala ya `$date`, umepata sababu.

Ukiwa kwenye seva ya mbali

Hapa sina mashaka wala sitaki kusawazisha: terminali. Skrini ya herufi 120 kwa 40 ni herufi 4,800; kuichora upya yote ni kama KB 5, pamoja na rangi zake kidogo zaidi. Picha moja ya skrini ya 1366 kwa 768 bila kubanwa ni zaidi ya MB 3. GTKWave kupitia `ssh -X` kwenye mtandao wa simu hufanya kazi, kwa maana kwamba hatimaye dirisha linaonekana. Kila ukisogeza wimbi unasubiri.

Fungua kwanza `tmux`, inayokiacha kikao chako hai kwenye seva, kisha dwfv ndani yake. Stima ikipotea mtaani, ruta inazima na SSH inakatika, lakini seva iko kwingine na inaendelea. Unawasha hotspoti ya simu, unaandika `tmux attach`, unakuta kielekezi pale pale ulipokiacha. Dirisha la GTKWave lililokuwa likipitia SSH limekufa na kila ulichokuwa umepanga, isipokuwa kama ulihifadhi `.gtkw`.

Ikibidi uione picha, usiivute kwa X. Punguza ishara, ibane faili kwa `gzip` (VCD hubanika sana kwa kuwa inajirudia mno), ilete kwa `scp`, na uifungue kwenye laptopu yako. Mwanafunzi wangu mmoja wa Bondo hufanya hivyo kila siku: vcdcat kwenye seva mchana kutwa, na faili moja nyumbani jioni kwa yale yaliyomshinda.

Basi uanze na ipi?

Kama ndiyo mwezi wako wa kwanza na Verilog, na laptopu ni yako, sakinisha Icarus na GTKWave na uache nyingine zote. Unahitaji kuona kwa macho maana ya ukingo wa kupanda na kwa nini `<=` haifanani na `=`. Hilo jedwali la vcdcat halikufundishi. Rudi kwa vcdcat ukishachoka kuhesabu kwa kidole.

Kama unaandaa mradi wa mwaka wa mwisho na moduli zimefika kumi, anza kuandika maswali yako kwa Python tangu sasa. Wasimamizi watakuuliza umejuaje kwamba inafanya kazi, na skripti inayopita baiti zote hujibu vizuri kuliko picha ya baiti moja iliyochaguliwa.

dwfv ningempa mtu wa aina mbili tu: anayeishi ndani ya SSH, na yule ambaye mkono wake hautaki kuachana na kibodi. Kwa wengine ni kitu kizuri cha kujua kipo.

Na kama mko watatu kwenye kundi, mmoja Kisumu, mmoja Kakamega, mwingine kijijini kwa likizo, wekeni kwenye Git testibenchi, skripti na `.gtkw`, lakini faili ya VCD iandikeni kwenye `.gitignore`. Kila mtu aiendeshe simulesheni kwake. Ni sekunde chache za Icarus dhidi ya MB 40 za bando la mwenzako.